Habari za Kukata Nywele za Kipilipili na Maana Yake

Msomaji akiiona anwani ya makala haya, huenda akauliza kwa nini gazeti la lugha na desturi lishughulike na kazi ya kinyozi. Mavazi, ndoa na maziko ni mambo makubwa, yastahili kuandikwa. Lakini nywele huota zenyewe, hukatwa, hufagiwa, na habari yake imekwisha. Hata hivyo hakuna mwalimu wa shule wala kasisi wa mtaa ambaye hajapata kutoa amri juu ya nywele za watu wengine. Siku ya kufungua shule huja mtoto ambaye kichwa chake kimekatwa kwa namna isiyopatana na kanuni. Mjane huja kanisani amenyolewa. Kijana huja kuomba kuthibitishwa, na nywele zake zimesokotwa. Amri hutolewa upesi, na mara nyingi mwenye kuitoa hajui alichokikataa ni kitu gani.

Kusudi letu ni kuonyesha jambo moja tu: ya kuwa kwa watu wenye nywele nzito za kipilipili, kukata nywele hakukuwa kuondoa tu. Kulikuwa kuchagua cha kubakiza. Na katika kile kilichobakizwa watu walisoma umri wa mtu, hali yake na heshima yake.

Tuanze na maneno, maana lugha hutunza mambo ambayo watu wamekwisha kuyasahau. Kiswahili hutenga nywele za namna mbili: za singa, yaani zilizonyooka na kulala, na za kipilipili, yaani zilizojikunja vifundo vifundo kama punje za pilipili manga. Jina hili la pili halina tusi ndani yake; ni mfano uliochukuliwa jikoni. Tusi ni la wale wasemao “nywele nzuri” wakiwa na maana ya singa, na “nywele mbaya” wakiwa na maana ya kipilipili, kana kwamba Muumba alikuwa na mkono wa kulia na wa kushoto.

Kitenzi -nyoa nacho chastahili kuangaliwa na kila afundishaye sarufi. Katika kutendwa twasema nyolewa, na hapo yaonekana ile L iliyopotea. Na katika jina la mtendaji L hiyo hugeuka Z mbele ya I, tukapata kinyozi. Ndivyo ilivyo -okoa, okolewa, mwokozi. Na -komboa, kombolewa, mkombozi. Basi kinyozi, kwa upande wa sarufi, ni ndugu wa maneno tuyatamkayo kila Jumapili. Tofauti ni kiambishi cha mwanzo, ambacho ni KI- kama katika kiongozi. Walakini upatanisho wake ni wa mtu, nasi twasema kinyozi amefika, vinyozi wamefika.

Zaidi ya hayo, lugha hutofautisha kunyoa na kukata. Kunyoa ni kazi ya wembe, nayo huiacha ngozi wazi. Lakini ile namna ya zamani ya pwani, ya kuondoa nywele pande zote na kuacha duara utosini, iliitwa kukata denge. Mtu hukata nguo, hukata shauri, hukata denge: kitenzi hiki ni cha kuamua umbo na mpaka. Tena watu wa pwani walikuwa na vitu viwili vya kuchania, wala hawakuvichanganya. Kitana ni kidogo, meno yake yamekaribiana; chanuo ni kikubwa, cha mti, chenye meno marefu yaliyoachana. Chanuo ndicho kilichofaa nywele nzito, maana kitana huzikata katika vifundo vyake. Aliyechonga chanuo la kwanza alikwisha kuzichunguza nywele za kwao.

Mithali nazo zina ushahidi. Twasema, “Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji,” nasi twaifundisha kuwa onyo la kujiweka tayari. Lakini maana yake ya kwanza ni ya kazi yenyewe. Nywele nzito za kipilipili huupinga wembe zikiwa kavu. Sharti zilainishwe kwa maji kitambo, na mwenye akili hutia maji kichwani wakati wembe ungali katika kichwa cha jirani. Ndiyo sababu, mtu akitendwa kwa ukali, husemwa amenyolewa bila maji. Nayo ile isemayo kwamba kinyozi hajinyoi haikutungwa kwa ajili ya watu wavivu: hakuna awezaye kuona kisogo chake mwenyewe, na umbo la kichwa sharti lihukumiwe na jicho la mtu mwingine.

Sasa tuzitazame nywele zenyewe. Unywele wa singa hutoka katika shina lililosimama wima, na ukikatwa kati, mkato wake wakaribia kuwa duara. Unywele wa kipilipili hutoka katika shina lililopinda chini ya ngozi, na mkato wake ni bapa. Kwa sababu hii hujizungusha tangu utokapo. Mambo manne hufuata. La kwanza, mafuta yatokayo katika ngozi ya kichwa hayashuki kwa urahisi mpaka nchani, kwa hiyo nywele hukauka. Ndiyo maana bibi zetu walizipaka mafuta ya nazi na ya nyonyo. La pili, nywele zikilowa hurefuka, na zikikauka hujivuta tena, hata pengine zisifike nusu ya urefu wake. Kinyozi azikataye zikiwa zimelowa, asipokumbuka jambo hili, atampa mtu kichwa kifupi kuliko alichokiomba. La tatu, zikinyolewa karibu mno na ngozi, ncha yake hurudi ndani kwa kupinda na kuzaa vipele, hasa kisogoni na kidevuni. La nne, nalo ndilo kubwa kwa habari yetu, nywele hizi hushikana na kusimama. Hazimwagiki. Ukizikata mraba, hubaki mraba; ukizikata mviringo, hubaki mviringo. Nywele za singa husukwa, hufungwa au huachwa zianguke. Lakini za kipilipili huchongwa, kama seremala achongavyo mti.

Mfano ulio bora wa uchongaji huo waonekana Rwanda. Huko ilikuwapo namna ya kukata nywele iitwayo amasunzu. Nywele ziliachwa kukua, kisha sehemu zikaondolewa na sehemu zikabakizwa katika matuta yaliyopinda kama mwezi mwandamo, yaliyosimama juu ya kichwa. Wanaume waliivaa, nao wasichana waliokwisha kukua na wasioolewa waliivaa pia, hata mgeni aliyefika nyumbani alijua bila kuuliza ya kuwa binti huyu hana mume. Alipoolewa aliziacha nywele zikue, na mama aliyezaa alivaa urugori, utepe uliotengenezwa kwa bua la mtama, kuzunguka kichwa. Basi kichwa cha mwanamke kilikuwa kama kitabu chenye sura tatu. Mapadre Weupe walianzisha misheni yao ya kwanza huko Save mwaka 1900, na katika miaka iliyofuata, dini mpya, shule na kazi za serikali zilipoenea, amasunzu ilipungua mpaka ikawa kitu cha picha na ngoma. Na jambo la kuzingatiwa ni hili: kazi hii haiwezekani katika nywele za singa. Kile ambacho wageni walikiona kuwa kasoro ndicho kilichoifanya sanaa iwezekane.

Kwa Wamasai mambo yamegeuzwa kwa namna iliyowashangaza wageni wengi. Wanawake ndio wanyoao vichwa, na vijana wa kiume walio murani ndio walioachiwa nywele ndefu, zilizosokotwa nyuzi nyembamba na kupakwa mafuta na udongo mwekundu. Wakati wa kuingia daraja la watu wazima, katika sherehe ya Eunoto, mama wa kijana humnyoa mwanawe. Hutumia maji yaliyochanganywa na maziwa kuzilainisha nywele, na kichwa kikiwa wazi hupakwa udongo mwekundu. Vijana wengine hulia machozi, nao ni watu wasioogopa simba; maana zinazoanguka si nywele tu, ni ujana wenyewe.

Hapa yafaa tusimame kidogo, sisi tulio wahubiri. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho habari za nywele ndefu za mwanamke na nywele fupi za mwanamume, na maneno yake yamesomwa mara nyingi mbele ya watu wetu kana kwamba yalinenwa kwa watu wenye nywele kama zao na desturi kama zao. Lakini katika nchi ambayo mwanamke mwenye adabu ndiye aliyenyoa, na ambayo nywele hukua kwenda juu wala si kushuka mabegani, msikilizaji hawezi kuyaelewa maneno hayo mpaka mwalimu ameeleza kwanza desturi za Korintho. Asipoeleza, husikiwa kama mtu anayehubiri nywele za singa.

Turudi pwani. Kwa Waislamu nywele za kuzaliwa za mtoto hunyolewa, kwa kawaida siku ya saba pamoja na akika, na ni sunna kutoa sadaka ya fedha yenye uzito wa nywele hizo. Hapo huondolewa zote. Lakini kunyoa sehemu na kuacha sehemu, ambako kwa Kiarabu huitwa qaza, kumekatazwa katika hadithi za Mtume wao; kwa hiyo denge ilikuwa na adui msikitini kabla haijapata adui shuleni. Nasi tusisahau ya kuwa mapadre wa Kilatini kwa karne nyingi walinyolewa utosi kuwa alama ya kuingia utumishi wa Kanisa, mpaka Papa Paulo wa Sita alipoiondoa desturi hiyo mwaka 1972. Padre alibakiza duara pembeni na kuondoa utosini. Mtoto wa denge alibakiza utosini na kuondoa pembeni. Kila mmoja alibeba kichwani alama iliyosomwa na watu wake.

Wanawake wa pwani na wa bara walikuwa na kazi ya pili, nayo ni ususi. Nywele husukwa mistari iliyolala kichwani, au huzungushiwa uzi mweusi, au hufanywa mashungi. Namna moja ya mistari rahisi iendayo kisogoni huitwa twende kilioni, na jina lenyewe laeleza: habari ya msiba ikija, hapana nafasi ya mapambo, lakini hapana ruhusa ya kwenda na kichwa ovyo. Msusi mwema, kama kinyozi mwema, huuangalia uso kwanza. Naye hujua kipimo cha nguvu zake, maana nywele zikivutwa kupita kiasi kwa muda mrefu, za mbele na za panjani hukatika, na mwisho shina lake hufa, wala hazirudi.

Katika makabila mengi ya bara, kunyoa kichwa chote kulikuwa ni lugha ya mauti. Kwa Wajaluo kunyoa baada ya maziko huitwa liedo. Kwa Waluhya ipo siku ya kunyoa iitwayo lubeko, ambayo jamaa hukusanyika, na mambo ya marehemu, mali yake na madeni yake, huzungumzwa mbele ya wote. Nywele zilizokuwapo alipokuwa hai huachwa nyuma, na zitakazoota ni za maisha mapya bila yeye. Sasa tumfikirie mwalimu mgeni aliyefika katika nchi ya namna hiyo, akawapanga watoto wote siku ya kwanza na kuwanyoa vipara. Yeye aliona usafi. Mzee aliyepita njiani aliona darasa zima la watoto waliofiwa, na wazazi wao wangali hai.

Hatusemi kwamba mwalimu yule hakuwa na sababu. Chawa walikuwapo, na mapunye yalikuwapo, na maji yalikuwa mbali. Kichwa kifupi ni rahisi kukiosha. Lakini wembe mmoja uliopita katika vichwa arobaini bila kuchemshwa uliyapeleka mapunye kutoka kichwa hata kichwa, na katika zama zetu twajua ya kuwa damu kidogo sana katika wembe yaweza kupeleka ugonjwa wa ini na virusi vya UKIMWI. Basi kanuni ya usafi ikishikwa bila ya usafi wenyewe, hubaki kuwa kanuni ya utii tu. Tena si watoto wote waliotendwa sawa: katika shule nyingi zilizokuwa na watoto wa jamii mbalimbali, nywele za singa ziliachwa zifungwe vizuri, na za kipilipili zikaamriwa kukatwa. Mtoto alijifunza somo ambalo halikuandikwa ubaoni.

Serikali nazo zilipata kushika mkasi. Nchini Tanzania, Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza mwaka 1968 Operesheni Vijana, ambayo tangu Januari 1969 ilipiga vita nywele za bandia, sketi fupi, suruali za kubana na dawa za kugeuza rangi ya ngozi. Kusudi lilikuwa kulinda heshima ya Mwafrika; lakini waliosimamishwa njiani na kuaibishwa walikuwa hasa wanawake, nao hawakuulizwa. Kenya, wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa mwaka 1952, wapiganaji wa msituni waliziacha nywele zao zikajisokota zenyewe, maana wembe ulikuwa haba. Na nywele zile zikawa alama ya kuogopwa na upande mmoja, na ya kuheshimiwa na upande wa pili. Muthoni wa Kirima, mwanamke aliyepata cheo cha juu katika jeshi lile, alizitunza zake miaka mingi baada ya uhuru. Mwezi wa Aprili 2022 zilikatwa mbele ya watu huko Nyeri, na aliyezikata ni Mama Ngina Kenyatta, mjane wa Rais wa kwanza. Mwaka uliofuata, mwezi wa Septemba, Muthoni alifariki. Hata mtu asiyejua historia ya Kenya, akiitazama picha ya siku ile, aona mara moja kwamba hii haikuwa kazi ya kupunguza joto kichwani.

Nazo mahakama zimeingia. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua juu ya msichana aliyekataliwa shuleni kwa sababu ya nywele zake za Kirastafari, ikaamuru aruhusiwe kusoma. Mwaka 2023 Mahakama Kuu ya Malawi huko Zomba ilitoa uamuzi wa namna hiyo kwa watoto wa Kirastafari katika shule za serikali. Kwa hiyo mwalimu wa leo hawezi kusema kwamba jambo hili ni dogo. Mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa sababu ya nywele hukosa hesabu na kusoma, si nywele.

Imebaki kueleza namna ya kuchagua, maana wako wasomaji watakaotaka faida ya mkononi, na mwalimu huulizwa. Wazee waliuliza mambo matatu kabla ya kushika wembe, na maswali yao yangali mema.

Swali la kwanza ni la nywele: je, ni nzito mahali pote, au zimepungua mbele? Zikiwa zimepungua panjani, usijaribu kufunika kwa kuacha nyingi utosini. Punguza zote ziwe fupi sawasawa, na kichwa kitaonekana kuwa kimekusudiwa hivyo. Zikatwe zikiwa kavu, katika hali ambayo mwenyewe hutembea nayo kila siku, tena kidogo kidogo. Kilichokatwa hakirudishwi, na kilichobaki chaweza kukatwa kesho. Mwenye vipele kisogoni asinyolewe mpaka ngozini, bali aachiwe kivuli cha nywele.

Swali la pili ni la kichwa na uso. Uso wa mviringo hupendeza nywele zikipunguzwa pembeni na kuachwa kimo juu, maana kimo huurefusha uso. Uso mrefu hutaka kinyume chake: juu pasiwe na kimo kikubwa, na pembeni paachwe unene kidogo. Mwenye kisogo kilichotokeza aachiwe nywele chini yake ili mstari ushuke taratibu. Mwenye kisogo bapa aachiwe nywele nyingi zaidi hapo hapo, na nywele za kipilipili zitasimama na kujaza upungufu, jambo ambalo singa hushindwa. Mwenye paji pana aweza kuuacha mstari wa mbele kama ulivyoota, bila kuusukuma nyuma kwa wembe. Haya yote ni ile kazi ya denge na ya amasunzu kwa sura nyingine: wapi pa kuondoa, wapi pa kubakiza.

Swali la tatu ni la mtu mwenyewe: yu nani, na kichwa hiki kitasomwaje na watu wake? Je, yumo katika msiba? Je, ana nadhiri? Je, ni binti ambaye bibi yake hukaa naye kila Jumamosi kumsuka, na saa zile ndizo anazosikia hadithi za ukoo wao? Swali hili ndilo lililosahauliwa shuleni, nalo ndilo lililokuwa la kwanza kwa wazee.

Basi neno letu kwa walimu si kwamba kila desturi ya zamani irudishwe, wala si kwamba shule isiwe na kanuni. Kanuni ya usafi ni njema, na kanuni iwezayo kuelezwa kwa mtoto na kwa bibi yake ni njema zaidi. Lakini kabla ya muhula kufunguliwa, mwalimu na akae na wazee wa mahali pale awaulize nywele zina habari gani kwao, aandike majibu yao pamoja na maneno wayatumiayo, maana maneno hayo yanapotea upesi kuliko nyimbo na hadithi. Kisha aitazame kanuni yake tena, neno kwa neno. Na akiona kwamba lazima wembe upite, asisahau kutia maji.